Ukitumiwa klipu ya Bilderberg, fanya hivi kabla hujaifowadi

Mjomba alirusha klipu kwenye grupu la familia, eti vigogo wa Bilderberg walikaa 2020 wakapanga korona, basi shangazi akaogopa akasema hachanji tena, ndo maana naandika hii.

Kwanza usimcheke aliyetuma. Kikao cha Bilderberg kipo kweli, kilianza Mei 1954 kwenye Hotel de Bilderberg kule Oosterbeek, Uholanzi, na wanaokutana ni watu kama 130 hivi wa Ulaya na Amerika Kaskazini, mawaziri, wenye mabenki, wenye makampuni, milango imefungwa na ukitoka hutakiwi kutaja nani kasema nini. Mtu akitilia shaka hapo ana haki kabisa, hata mimi nina shaka.

Sasa chukua kalamu uandike klipu inadai nini hasa: mwaka gani, mji gani, nani alikuwepo. Isipotaja hata kimoja, iache hapohapo. Ikitaja, ingia kwenye tovuti ya Bilderberg wenyewe, wanaweka tarehe, mji, mada na majina (listi ni yao wenyewe, kwa hiyo jina kukosekana peke yake sio ushahidi). Klipu ya mjomba ilifia hapo, maana 2020 na 2021 hawakukutana kabisa, korona ndo iliwazuia, wakaja kukaa tena Juni 2022 Washington.

Halafu ulizia karatasi, yaani nyaraka za ushahidi, hii ndo ya muhimu kuliko zote. Njama za kweli huwa zinaacha karatasi na mashahidi. Mfano mwenyekiti wa kwanza wa Bilderberg, Prince Bernhard wa Uholanzi, alihusishwa na hongo ya kampuni ya ndege ya Lockheed, ikatajwa dola milioni 1.1, na mambo yalitoka kwenye Seneti ya Marekani mtu wa kampuni akihojiwa, Uholanzi nao wakaunda tume, akavuliwa vyeo na kikao cha 1976 kikafutwa. Kwa hiyo dai likija uliza nani kalipa, kiasi gani, nani kaona.

Na klipu ikianza kuhama kutoka watu wenye majina kwenda "Wayahudi" wote, ifute, huo ni uzushi wa zamani sana na umeshaua watu wengi mno.

Kumjibu mkubwa wako mfuate inbox, usimwumbue kwenye grupu. Mimi nilimwandikia, "Shikamoo mjomba, hiyo ya 2020 nimeiangalia, kikao hakikufanyika, ila swali la mawaziri kwenda huko wanajadili nini na matajiri bila wananchi kujua ni zuri, tuliulize hilo." Shangazi yeye nilimpigia simu kabisa.