Ukitaka kwenda kutibu kwa ndege ndogo, anza na saa ya kuamka

Daktari kijana akija kwangu hapa Dodoma kuuliza namna ya kuanza safari za kliniki kwa ndege, huuliza kwanza habari za ndege. Mimi huanza na saa. Nimeruka miaka mingi nikiwa daktari na rubani kwa pamoja, na viwanja vyangu vingi vilikuwa vya udongo, mbuzi wamelala katikati. Hata kama usukani utashikwa na mwingine na wewe umekaa kiti cha nyuma, yajue haya, maana anayechelewesha safari na anayeongeza mzigo mara nyingi ni daktari.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kiwanja cha Dodoma kiko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi hewa ni ya baridi na nzito, bawa linapata kitu cha kulibeba. Joto likifika nyuzi 32 mchana wa Novemba, hewa huwa nyepesi hivi kwamba kwa ndege ni kama mmehamia mahali penye mwinuko wa mita 2,000. Injini inapungukiwa pumzi, bawa linapungukiwa nguvu, na mbio za kunyanyuka zinarefuka sana. Kwa hiyo ama muwe mmeondoka kijijini kabla ya saa tano asubuhi, ama mkubali kukaa mpaka saa kumi jioni na mtue nyumbani kabla jua halijazama. Saa za katikati wape wagonjwa, watakuwepo wa kutosha.

Siku moja nilikosea hapo. Ilikuwa upande wa Kondoa, juu zaidi ya Dodoma mjini. Tulikuwa na mama mwenye uchungu uliokwama tangu usiku. Ndugu wawili wakapanda badala ya mmoja, nami sikuwapima, na ilikuwa saa saba mchana. Robo tatu ya kiwanja ikaisha magurudumu bado yanagonga changarawe, na mbele yetu mbuyu unazidi kuwa mkubwa. Tulipita juu yake karibu mno, nikayaona mabuyu yananing'inia moja moja. Mama alifanyiwa upasuaji jioni ile, mtoto akalia. Lakini niliposhuka kwenye ndege magoti yalikuwa yanatetemeka. Tulikuwa watu watano, na wa sita alikuwa tumboni.

Tangu siku hiyo naenda na kidumu cha njano cha lita 20, kitupu. Nikitua, natembea kiwanja chote kwa miguu nikihesabu hatua, kisha nakiweka kidumu pembeni, katikati kabisa ya urefu. Wakati wa kuruka, tukifika kwenye kidumu na mwendo haujafika asilimia 70 ya ule wa kunyanyukia, napunguza gesi na kukanyaga breki. Hapo nusu ya kiwanja bado ipo ya kusimamia. Usianze kujadiliana na nafsi yako ukiwa umeshakipita.

Mzigo upimwe wote. Mifuko ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya sokoni. Watu wapande mizani ya kliniki wakiwa na viatu na pochi mkononi, na usimuulize mtu kilo zake, kwa sababu atakutajia za miaka iliyopita. Cessna 206 ina viti sita, lakini viti sita si ruhusa ya kubeba watu sita. Ndugu anayebaki mweleze kwa upole na umpe nauli ya basi. Atakasirika, lakini atafika.

Siku moja kabla ya safari, mpigie simu mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa zahanati. Muulize kama mvua imenyesha. Halafu mwombe kijana wa bodaboda apite kiwanja chote kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Akirudi anasema amerushwarushwa, au tairi imezama, usiende.

Mafuta yaangalie mwenyewe, na uyaangalie kila asubuhi. Inama chini ya bawa, bonyeza valvu kwa kikombe cheupe cha plastiki, kisha kiinue kwenye mwanga wa jua. Mafuta ya ndege hizi yana rangi ya samawati hafifu. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hukaa chini kabisa, kama shanga za kioo zisizo na rangi, na ukitikisa kikombe shanga zinakimbizana. Ukiona hata moja, mwaga na uchote tena mpaka zisionekane. Na kama kikombe chote hakina rangi, usifurahi upesi: huenda kimejaa maji matupu.

Chanjo nyingi huharibika kwa kuganda sawa na kwa joto. Barafu za kwenye sanduku ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uzipange.

Kwa mgonjwa wa kurudi naye, fikiria hewa iliyonaswa mwilini. Mkipanda kutoka Dodoma mpaka mita 2,700, hewa hiyo hupanuka kwa karibu moja ya tano. Mwenye hewa kifuani nje ya pafu awekewe mrija kabla hamjaondoka, kwani ndani ya ndege hakuna nafasi hata ya kupinda kiwiko. Dripu nayo iwe ya mfuko laini, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa kupanuka.

Baadhi ya wagonjwa hawafiki kiwanjani, ni wewe utakayetembea. Vaa viatu vya kufunika vifundo, beba maji kuliko unavyodhani yanatosha, na mtangulize mwenyeji. Korongo lililojaa usilivuke, hata kama juu yako jua linawaka. Mvua imenyesha milimani huko na maji yanashuka. Kaa chini, subiri. Kifutu hulala njiani bila kusogea, na wengi hung'atwa kwa kumkanyaga. Aliyeng'atwa usimchanje wala usimfunge kamba. Vua pete na bangili, funga mguu kwa kanga kwenye ubao ili usitikisike, mbebeni, na mtume mtu akimbie kuwasha redio ya mawasiliano.

Ukifika, salimia kwanza. "Mbukwenyi", salamu ya Wagogo, ikitoka kinywani mwako kabla hujafungua begi, wazee watakuambia nani anaumwa kweli na amefichwa nyumba ipi.

Mkiwa mnaondoka, mpe kijana mmoja kijiti, umwambie asimame mbali, pembeni ya kiwanja, na baada ya ndege kupaa akichomeke pale magurudumu yalipoachia ardhi. Safari ijayo hesabu hatua mpaka kwenye kijiti, uandike kwenye daftari pamoja na joto na kilo za siku ile.