Bwawa la samaki ndani ya pipa: uani kwako, bila pampu wala umeme

Ukifika Newala mwezi wa tisa ukamshauri mtu afuge samaki nyumbani na abadilishe maji yao kila wiki, ataona umetumwa kumdhihaki. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Maji ni ya mvua yaliyowekwa kisimani, au ya bomba siku yakija, au ya kununua kwa dumu. Kwa hiyo bwawa ninalolieleza hapa ni lile ambalo maji yake hayamwagwi kila wiki. Kwa kawaida unaongeza tu yaliyokaushwa na jua.

Wajapani wamelizoea jambo hili. Huchukua chungu kipana, wakatandaza udongo chini, wakapanda yungiyungi, kisha wakaweka medaka, samaki wa majaruba ya mpunga wasiozidi sentimita 4. Chungu kinakaa nje mwaka mzima. Kazi ya pampu na chujio inafanywa na vilivyomo humo humo: bakteria wa kwenye udongo na kuta za chungu huvunja kinyesi cha samaki, mimea hula kinachobaki, na samaki hula viluwiluwi vya mbu kabla hawajaota mbawa. Medaka ni wagumu kweli. Mwaka 1994 walipelekwa angani na chombo cha Columbia, wakataga mayai na yakaanguliwa huko huko.

Ila usiige kila kitu. Kwenye vyungu vyao Wajapani huweka lielee gugu maji lile la maua ya zambarau, na halina madhara makubwa kwa sababu baridi ya huko huliua. Sisi hatuna baridi hiyo. Gugu hilo hilo limesumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtu akikuletea kwa kuwa linapendeza, mshukuru, ulianike juani mpaka likauke, kisha ulichome. Yungiyungi la kwetu, lenye maua ya buluu kwenye madimbwi na mabwawa, linatosha kabisa. Kabla ya kulitia chomboni lisuguesugue chini ya majani na uondoe mayai ya konokono, yale yanayoonekana kama ute. Ukanda wetu una kichocho, na konokono ndio wanaobeba vimelea vyake.

Tofauti nyingine ni jua. Mjapani anahangaika na majira ya baridi, wakati samaki wanatulia chini na hawali. Wewe utahangaika na Novemba, kabla mvua hazijashika, saa nane mchana, maji yamekuwa kama ya kuogea. Weka chombo upande wa mashariki wa nyumba ili kipate jua la asubuhi kwa muda wa saa nne au tano hivi, halafu kivuli cha ukuta kikifunike mchana. Chini ya mwembe au mkorosho sipashauri. Majani yatadondoka humo kila siku, yataoza, na hewa ya samaki itaisha.

Chombo kiwe kipana kuliko kirefu, maana hewa inaingilia juu. Pipa la plastiki la lita 200 likikatwa kwa urefu hutoa mabeseni mawili mapana, kila moja chini kidogo ya lita 100. Liegemeze kwa mawe pande zote, au lizike nusu ardhini, udongo utalipoza. Kina cha kama sentimita 30 kinatosha. Balasi la zamani lenye mdomo mpana nalo ni zuri, na linapendeza kuliko pipa. Pipa lililobeba viuatilifu usilitumie hata ukiambiwa limeoshwa mara kumi. Beseni jipya la saruji hutoa chokaa inayowachoma samaki, na linataka kujazwa na kumwagwa kwa wiki kama tatu. Kwa aliyeko Mikindani, pwani, sawa; kwa aliyeko Tandahimba, juu uwandani, ni ufujaji wa maji.

Toboa tundu dogo sentimita 5 chini ya ukingo na uliwekee wavu wa dirishani. Mvua ya Januari ikipiga usiku kucha, maji yatoke hapo na samaki wabaki. Na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au anayejifunza kutembea, funika chombo chote kwa wavu wa kuku uliofungwa imara. Maji ya kina cha goti yanatosha kumzamisha mtoto. Wavu huo utakuzuilia pia paka, kenge na mdiria.

Chini weka udongo mzito wa mfinyanzi, sentimita 5, usio na samadi wala mbolea, halafu juu yake mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili ili klorini iondoke. Maji ya paa ni mazuri, ila mvua ya kwanza iache ioshe mabati kwanza. Kwa kuwa ni laini mno, yaani yana madini kidogo sana, tia mawe machache ya matumbawe au makombe yaliyooshwa vizuri. Maji ya kisima chenye chumvichumvi, kama tulivyo navyo pwani, samaki aitwaye gapi atayavumilia. Yungiyungi halitayapenda.

Nimetaja gapi kwa sababu medaka hutamkuta sokoni Mtwara. Gapi ni samaki wa mapambo mdogo, anazaa watoto hai, anavumilia joto, na viluwiluwi ni chakula chake. Anza na sita au wanane kwa lita 100, baada ya miezi michache utakuwa na zaidi ya unaowahitaji. Wapo wanaoniuliza habari za perege. Perege atang'oa yungiyungi lako, atachimba udongo, na pipa halitampa nafasi ya kufikia ukubwa wa kitoweo. Anayetaka samaki wa kula achimbe bwawa halisi.

Bakteria wanahitaji wiki kadhaa kuota, lakini mbu hawasubiri. Katika joto letu yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya siku kama kumi. Kwa hiyo tia samaki wawili watatu mwisho wa wiki ya kwanza, wengine wafuate baadaye. Mimi mara ya kwanza nilijiona mjanja, nikafunika pipa kwa chandarua kuukuu mpaka maji yakomae, na samaki nilipowatia nikakirudisha kuwakinga na kunguru. Asubuhi wote walikuwa wanaelea. Dawa iliyotiwa kwenye chandarua ni sumu kali kwa samaki, na sehemu moja ilikuwa imelowa majini. Tumia wavu usio na dawa.

Katika habari hiyo ya sumu, hapo ndipo msimu wa korosho unapoingia. Kuanzia Juni watu wanapuliza dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kisha dhidi ya mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi, na viuatilifu vya wadudu hao vikipeperushwa na kusi hadi pipani, siku hiyo hiyo utazika samaki. Jirani akiwasha mashine, funika chombo kwa turubai mpaka amalize na upepo utulie. Bomba lako la kupulizia usilijazie hapo wala kulisuuzia hapo.

Chakula ni cha ncha za vidole, mara moja kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili. Ukisafiri siku nne usimwachie mtu kazi ya kulisha, atawamwagia pumba na maji yatanuka. Maji yakiwa ya kijani usiogope, Wajapani hukuzia vifaranga humo makusudi. Ila samaki wakionekana alfajiri wanahema juu ya maji, ukijani umezidi: toa ndoo moja umwagilie mchicha, utaona unavyoitikia, kisha rudisha ndoo moja ya maji safi yaliyolala.

Wakishazidi, wagawie majirani. Usiwamwage kwenye mito ya Lukuledi na Ruvuma wala kwenye dimbwi la mvua, kwani gapi ni mgeni na madimbwi ya msimu ya pwani yana visamaki vyake ambavyo mayai yake hulala kwenye tope kavu kiangazi chote. Hata kabla ya kuwaleta samaki wageni, muulize kwanza afisa uvuvi wa halmashauri yako. Jirani akija kuchukua, mpe na ndoo ya maji yako ya zamani pamoja na konzi ya udongo wa chini. Pipa lake litakomaa upesi kuliko lako.