Kuchagua kijiji cha kulala ukizunguka Western na gari

Watu wengi wakipanga kuzunguka Western, yaani magharibi ya Kenya, na gari wanaanza na picha. Wanaona nyumba nzuri juu ya kilima, wanatuma depositi, halafu ndio wanafungua ramani kuangalia hicho kilima kiko wapi. Geuza hiyo mambo. Anza na barabara, picha zije mwisho, kwa sababu ukishika kijiji kimoja siku nne tano na kila asubuhi unatoka na gari, ile njia ya kutoka lami mpaka kwa geti utaipita mara mbili kwa siku, na ile mara ya pili ni jioni, umechoka, watoto wamelala nyuma na mvua imeshaanza.

Na mvua huku si ya kubahatisha. Asubuhi kunakuwa safi kabisa, jua linawaka, kuanzia saa nane tisa hivi hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inakutana na upepo wa mashariki juu ya milima ya Nandi na Kericho, mawingu yanajaa, na kufikia saa kumi inashuka kwa nguvu, wakati mwingine na mawe. Masika ni Machi mpaka Mei kama kwingine lakini Kakamega hata Agosti na Septemba inanyesha, kwa hivyo mtu wa Nairobi au wa Nakuru asijiambie ati Agosti kumekauka. Kama gari yako ni ya chini na unataka raha, Januari na Februari ndio miezi.

Kitu kingine ni udongo. Vihiga na Kakamega ni udongo mwekundu, ukinyeshewa unateleza kama sabuni na gari inataka kuingia kwa mtaro, lakini jua likiwaka masaa machache unashika tena. Udongo mweusi wa Ahero, Nyando na bonde la Lambwe ni hadithi tofauti, huo unashika gurudumu na kulimeza, na unaweza kubaki hivyo siku kadhaa. Mimi kwa udongo mweusi silali mbali na lami msimu wa mvua, hata nipewe nyumba bure.

Sasa unajuaje hali ya njia na hujafika? Ukimpigia mwenye nyumba umuulize "gari yangu ni Vitz, itafika?" atakuambia itafika, na anasema hivyo kwa ukarimu, anataka uje. Muulize hivi:

"Mama, nikishuka kwa stegi nichukue boda mpaka kwako, ataniitisha ngapi?"

"Hapo ni hamsini tu."

"Na kukinyesha?"

"Kukinyesha wanaitisha mia, mia na hamsini, maanake kuna hapo kwa daraja."

Hapo kwa daraja ndio ulikuwa unatafuta. Bei ya boda haipandi bure, ikipanda mara mbili au tatu kwa mvua jua kuna mahali pikipiki yenyewe inasukumwa, na gari ndogo haitapita. Sasa mwombe akutumie video kwa WhatsApp, mtu akae nyuma ya boda arekodi kutoka lami hadi geti bila kukata. Mwenyeji mzuri hatakasirika, wengi wanafurahia kuona unauliza mambo ya maana. Kipimo changu ni kilomita mbili au tatu za changarawe, zaidi ya hapo uwe na gari ya juu, 4WD ikiwezekana.

Ukimaliza hiyo, angalia barabara za lami zinatoka pande ngapi. Hapa ndio watu hukosa utamu wa safari. Kijiji kilicho mwisho wa barabara kinaweza kuwa kizuri ajabu lakini kila siku utarudi na njia ileile, siku ya tatu hata watoto wamekariri matuta. Tafuta mahali barabara zinagawanyika pande tatu au nne, ndio kila siku utoke na hii urudi na ile. Na safari ya kwenda isizidi saa moja u nusu. Usihesabu kilomita pekee, huku kuna matuta kila senta, boda, ng'ombe, watoto wa shule, lori za miwa, kilomita 60 zinaweza kukula masaa mawili ukishangaa.

Kwa hizo hesabu zote, mtu akiniuliza nampeleka Khayega, upande wa Shinyalu, kusini kidogo ya mji wa Kakamega. Khayega iko juu ya barabara ya Kisumu–Kakamega yenyewe. Ukiingia ndani unaelekea Shinyalu na Isecheno, upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, ule msitu wa mvua wa aina ya Kongo ambao kwa Kenya umebaki huo. Asubuhi unaamka na sauti ya ndege, unachukua mtu wa kukuongoza unatembea kwa miguu, mbega wako juu ya miti na zile mikia nyeupe. Siku nyingine unapanda kaskazini unapita mji wa Kakamega mpaka Buyangu, upande wa msitu unaosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na ukitoka hapo unaendelea Webuye kuona maporomoko ya Nabuyole kwa mto Nzoia. Siku ingine unaenda magharibi mpaka Mumias na Matungu, kwa makumbusho ya Nabongo, hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya ufalme wa Wanga. Unashuka Chavakali unakata kushoto, barabara inakupandisha mpaka Kapsabet, na ukiendelea Nandi Hills unaona chai mpaka mwisho wa macho na mahali pa kumbukumbu ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa 1905 akipinga Waingereza na reli yao. Kisumu iko chini kama kilomita 40 hivi, unaenda kula samaki unarudi, na hapo Ilesi, kwa barabara hiyohiyo ya Kisumu–Kakamega, unasimama kuona jiwe linalolia, Ikhongo Murwi, limesimama juu ya mengine na maji yanatiririka kama machozi.

Na kama uko hapo Jumamosi, amka mapema sana. Mapigano ya fahali ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa hapo, yanafanywa alfajiri, fahali analetwa kwa barabara na umati wa watu na ngoma za isukuti, na kufikia wakati watu wa hoteli za mjini wanakunywa chai mambo yameisha. Isukuti iliwekwa kwa orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, lakini hapo barabarani ni ya watu wa nyumbani, wanapiga vile wamepiga siku zote. Mtu anayelala Kisumu hawezi kuwahi bila kutoka usiku. Wewe unatembea.

Wengine watasema Nandi Hills yenyewe ni bora kulala. Ni kuzuri, hewa baridi, mbu wachache, na kama lengo lako ni kupumzika nenda. Kwa kuzunguka naona ni juu mno, kila siku unashuka na kupanda, na ukungu wa asubuhi pamoja na ile mvua ya mawe ya saa kumi inakufupishia siku.

Mbita na kisiwa cha Rusinga, kule Ziwa Victoria, ni jambo la peke yake, usichanganye. Watu wanalala Kakamega halafu wanataka kwenda mbuga ya Ruma na kurudi siku moja, hapana, utaona lami tu. Ukitaka upande huo hamia kabisa, lala Mbita usiku mbili au tatu. Hapo una kaburi la Tom Mboya kule Rusinga, una Ruma kwa bonde la Lambwe ambako korongo, yule swala mkubwa, ndiko amebaki Kenya nzima, na ukirudi na njia ya Homa Bay na Kendu Bay unapita ziwa Simbi Nyaima. Kwa barabara unaingia Mbita kutoka Homa Bay, kama kilomita 40, lakini kuna feri inayobeba magari kwenda Luanda Kotieno, kwa hivyo unaweza kuingia na barabara na kutoka na maji, ukatokea barabara ya Bondo–Kisumu, ukapita Kit Mikayi, yale mawe makubwa, ukiingia Kisumu. Hiyo feri ndio inafanya Mbita ikubalike kwangu. Uliza ratiba siku moja mbele na ufike mapema, nafasi za magari si nyingi.

Ukitaka mlima Elgon pia ni vivyo hivyo, sogea Kitale upande wa Endebess au Kipsaina. Kipsaina uko karibu na Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote Kenya, unatembea kwa miguu juu ya mbao ukitafuta nzohe, swala wa majimaji. Endebess unapanda geti la Chorlim mpaka pango la Kitum, ambalo ndovu huingia usiku kulamba chumvi kwa mwamba.

Ukishapata kijiji, sasa angalia boma lenyewe. Kwa geti nyingi za huku kuna kalvati, kidaraja kidogo, juu ya mtaro, na pale kalvati inapokutana na barabara kuna mwinuko mkali. Probox tupu inapita. Probox hiyohiyo na watu watano na mizigo inakwaruza chini, na hapo ndipo watu hutoboa sampu, kile chombo cha oili chini ya injini. Shusha watu kwanza, ingia pembeni gurudumu moja moja. Uliza pia gari inapaki juu ya nini. Nyasi inakaa vizuri kwa picha lakini ukipaki kwa nyasi iliyoinama kidogo na usiku kunyeshe, asubuhi gurudumu linazunguka tu na kuchimba shimo. Changarawe au saruji, au basi paki ukiangalia chini kuelekea geti. Neti kitandani ni lazima, ukanda wote wa ziwa na Kakamega una malaria mwaka mzima, na dawa ya kinga muulize daktari kabla ya kutoka.

Mafuta, jaza mjini, usingoje senta ndogo. Mbuga za KWS hazichukui pesa mkononi, unalipa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo lipia ukiwa na netwaki, usifike getini ndio uanze kutafuta netwaki ya simu chini ya miti. Na usiendeshe usiku. Kufikia saa moja na kidogo kumeshaingia giza, na upande wa Mumias, Chemelil na Muhoroni matrekta ya miwa yanavuta trela mbili bila taa hata moja nyuma, unaona tu miwa imekuja mbele ya kioo. Mimi saa kumi na moja nataka nimegeuza gari narudi, hata kama kuna kitu kizuri kimebaki.

Kalenda ya watu wa huko pia iheshimu. Ijumaa mchana misafara ya mazishi inatoka mochwari kwenda nyumbani, ukikutana nayo punguza mwendo, washa taa, usijiingize katikati. Uliza mwenyeji kama kuna matanga jirani wikendi hiyo, muziki unaweza kwenda mpaka asubuhi na hakuna wa kulaumu, ni msiba wa watu. Agosti za miaka ya shufwa, kama 2024 na 2026, Wabukusu wanapasha vijana tohara, barabara za Bungoma zinajaa makundi yanayocheza na vijana wenyewe mbele, wape njia na usipige honi. Desemba usijaribu kubuki dakika za mwisho, kila mtu amerudi nyumbani. Na uliza siku ya soko, siku hiyo senta haipitiki kuanzia saa tatu, lakini ndio siku ya kununua kuku wa kienyeji, mrenda na ndizi, ukampa mwenyeji akupikie.

Mwisho wa mambo ya pesa, lipia usiku mbili za kwanza tu. Fika mchana, pita hiyo njia, ona daraja na kalvati, kama iko sawa ongeza siku hapohapo. Na kabla ya kulala usiku wa kwanza mwombe mwenyeji namba mbili, ya fundi wa gari wa pale senta na ya mtu mwenye trekta.