Kisugudi kinapomuuma mrusha mkuki chipukizi

Kijana wa miaka 13 akirusha mkuki pale uwanja wa Tononoka, Mombasa, kisha akashika kisugudi kwa ndani, tafadhali kocha, usimwambie "vumilia, utazoea". Mkono unapofyatuka, kiungo hutanuka kwa ndani na kubanana kwa nje. Kwa mtu mzima huchanika ligamenti ya ndani, yaani utepe unaofunga mfupa kwa mfupa. Kwa mtoto, ligamenti hiyo ina nguvu kuliko gegedu la kukulia mfupa, ambalo hufunga karibu miaka 15 hadi 17. Basi kinachobanduka ni kipande cha mfupa.

Hatua ya 1. Asirushe tena siku hiyo, hata kidogokidogo.

Hatua ya 2. Anyooshe mikono yote miwili, viganja juu. Unaouma ukibaki umepinda, andika. Kisha aukunje nyuzi 90, utafute kwa kidole gumba kifupa kilichochomoza kwa ndani, ubonyeze taratibu. Akishtuka hapo hapo, shuku gegedu. Akishtuka chini yake kidogo, shuku ligamenti. Usikisukume kiungo kando kupima ulegevu: mwachie mtaalamu.

Hatua ya 3. Apigwe picha ya eksirei, visugudi vyote viwili, maana bila kulinganisha gegedu la kawaida hudhaniwa ufa. Ukisikika mlio, kikivimba, kikikwama, au kidole cha mwisho kikifa ganzi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Wala asipelekwe kuchuliwa na kuvutwa; kipande kilichoachana kidogo kinaweza kuhama.

Hatua ya 4. Bila ufa, wiki 4 hadi 6 bila kurusha kitu chochote, hata mawe ufuoni. Miguu, kiuno na bega aendelee kufanyia mazoezi.

Hatua ya 5. Maumivu yakiisha, aweke kigasha mezani, kiganja juu, ashike chupa ya maji ya nusu lita, akunje kifundo cha mkono mara 15, seti 3. Kisha ashike nyundo mwisho wa mpini, ageuze kiganja juu na chini polepole. Misuli hii ndiyo inayoisaidia ligamenti kushika kiungo.

Hatua ya 6. Arudi na mpira wa tenisi: mita 10, mara 20, siku moja arushe, moja apumzike. Ongeza mita 5 kila wiki. Mkuki baadaye, akiwa amesimama. Kurusha kwa kukimbia ni mwisho. Kikiuma, arudi hatua moja. Mtazame kwa nyuma: kisugudi kikishuka chini ya bega, mkono ukapita kando, mzigo wote unarudi upande wa ndani. Na upime mkuki wenyewe. Wa wavulana chini ya miaka 18 ni gramu 700, wa wasichana 500. Ule wa gramu 800 ni wa wanaume.