Kabla hujatafuta kwa kugawa nusu

Utafutaji wa kugawa nusu, yaani kuanzia katikati ya orodha na kila mara kuitupa nusu isiyoweza kuwa na unachotafuta, unavutia kwa hesabu yake: kwenye orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa, unalinganisha mara 20 tu, umemaliza. Ukipekua jina mojamoja tangu mwanzo, bahati ikiwa mbaya unafika la milioni. Lakini kabla hujagusa kibodi, keti kwanza na data yako.

Imepangwa kweli? Usijibu kwa kuchungulia mistari kumi ya juu. Chukua alama tatu za mtihani: 7, 45 na 100. Zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi, kompyuta itazipanga 100, 45, 7, maana hutazama herufi ya mwanzo, na 1 hutangulia 4. Sasa tafuta 100 kama namba. Unaanzia katikati, unakuta 45. 100 ni kubwa zaidi, unaelekea kulia. Unakuta 7, orodha imeisha. Jibu: haipo. Kumbe imekaa palepale mwanzoni! Programu haikukwama wala haikulalamika, ndiyo maana hitilafu ya aina hii hukaa muda mrefu bila mtu kuishtukia. Majina nayo yana vituko vyake: kwa mpangilio wa ASCII, yaani namba ambazo kompyuta huzipa herufi, kubwa zikitangulia ndogo, Zuhura humtangulia asha aliyeandikwa kwa herufi ndogo.

Jiulize pia utatafuta mara ngapi. Kama ni mara moja, usihangaike kupanga. Pekua tu mojamoja. Kupanga majina milioni kwa njia ya kugawa na kuunganisha, aliyoibuni John von Neumann mwaka 1945, kunaweza kukaribia milinganisho milioni 19. Gharama hiyo hufidiwa ukitafuta tena na tena. Ile njia ya kubadilishana jirani kwa jirani iache darasani: kwa orodha hiyohiyo inaweza kufika bilioni 500.

Majaribio yaandae mapema: orodha tupu, yenye kitu kimoja, yenye jina linalojirudia (unataka la kwanza au lolote?), na jina lisilokuwemo.

Halafu kuna kuipata katikati yenyewe. Wengi huandika (chini + juu) / 2, chini na juu zikiwa nafasi za mwanzo na mwisho wa sehemu unayotafuta. Mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba hesabu hiyo ilikuwa na kasoro ndani ya maktaba ya lugha ya programu ya Java, na aliyeiandika ni yeye mwenyewe. Jumla ikipita 2,147,483,647, kikomo cha namba kamili ya kawaida ya Java, hugeuka hasi. Andika chini + (juu − chini) / 2.