Ukikamatwa na polisi Kenya: saa, OB na dhamana

Ukikamatwa, kabla ya jambo lingine lolote, shika saa. Tazama simu au muulize aliye karibu, utie akilini ni saa ngapi, uko wapi na ni nani aliyekukamata. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinawataka polisi wakufikishe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote si zaidi ya saa 24. Saa hizo huanza kuhesabiwa pale ulipokamatwa, wala si pale ulipoingizwa kituoni. Mtu akizungushwa ndani ya gari kwa saa tano kabla ya jina lake kuandikwa, saa tano hizo hupotea kwenye rekodi. Mbele ya hakimu, wakili wake atabaki na neno lake tu dhidi ya maandishi ya kituo.

Pale barabarani uliza kwa adabu: "Afande, nimekamatwa? Kwa kosa gani?" Ni haki yako kujibiwa papo hapo, kwa lugha unayoielewa. Afisa aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Isome na uikariri. Aliyevaa kiraia mwombe kitambulisho cha kazi. Ukiambiwa umekamatwa, usivutane naye hata kama una hakika kwamba anakuonea. Kumzuia afisa anayetekeleza kazi yake ni kosa linaloweza kukupa kifungo cha hadi miaka mitano chini ya kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu, na shtaka hilo huongezwa upesi juu ya lile dogo ulilokamatiwa. Hoja za uonevu zina mahali pake, nako ni mahakamani.

Kabla hujapandishwa garini, taja kwa sauti jina lako kamili na namba ya simu ya ndugu mmoja ili walio karibu wasikie. Uliza pia unapelekwa kituo gani. Simu yako itachukuliwa, kwa hiyo kariri angalau namba mbili kichwani. Wengi hukwama hapa: wana haki ya kumpigia wakili au jamaa, lakini hawakumbuki namba hata moja.

Kaunta ya kituo

OB ni kitabu cha matukio cha kituo. Kila tukio hupewa namba pamoja na tarehe, kwa mfano OB 31/12/6/2025. Ukifika, omba kwa utulivu kwamba kukamatwa kwako kuandikwe, na kwamba saa inayoandikwa iwe ile uliyokamatwa. Omba usomewe kilichoandikwa, kisha uishike namba. Ndugu zako wakiwa na namba hiyo, kituo hakiwezi kuwaambia kwamba hakikujui. Ukinyimwa, endelea kuomba kila zamu inapobadilika, maana afisa wa zamu ya asubuhi hulazimika kuwahesabu waliomo seli.

Vitu vyako pia huandikwa: fedha, simu, mshipi, saa ya mkono. Hesabu fedha mbele ya afisa, utaje jumla kwa sauti, na usome orodha kabla ya kutia sahihi. Kama unatumia dawa za kisukari, pumu, shinikizo la damu au ARV, sema hapo hapo kaunta na uombe hilo nalo liandikwe. Mwanamke hupekuliwa na afisa mwanamke, kwa staha, na hukaa seli tofauti na wanaume. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hatakiwi kuchanganywa na watu wazima, na kumweka kizuizini kunapaswa kuwa hatua ya mwisho kabisa.

Kuandikisha taarifa

Toa jina lako na mahali unapoishi. Mengine una haki ya kuyanyamazia, na sentensi moja yatosha: "Nitaandikisha taarifa wakili wangu akiwepo." Irudie hiyo hiyo kila unapoulizwa. Hatari kubwa ni yale mazungumzo ya kirafiki nje ya chumba cha mahojiano, ambapo mtu hudhani anajieleza ili aachiliwe, kumbe anajaza mapengo ya mpelelezi. Ungamo la kosa halipokelewi mahakamani likichukuliwa na mpelelezi wa kesi yako peke yake. Sheria ya Ushahidi inataka liwe mbele ya jaji, hakimu au afisa mwingine wa cheo kilichotajwa humo, tena pamoja na mtu uliyemchagua wewe.

Ukiamua kuandikisha, soma kila ukurasa au usomewe kwa lugha unayoielewa. Nafasi tupu ipigiwe mstari kabla ya sahihi yako. Karatasi isiyo na maandishi usiitie sahihi, hata ukiambiwa ni utaratibu tu wa kituo.

Namna saa 24 zinavyohesabiwa

Hapa ndipo watu wengi hupotezwa. Katiba inasema saa 24 zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haikai, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Chukua mtu aliyekamatwa Jumatatu saa nne asubuhi: saa zake zinaisha Jumanne saa nne asubuhi, mahakama ikiwa wazi, kwa hiyo anatakiwa awe amefikishwa kufikia hapo. Akikamatwa Jumatatu saa mbili usiku, saa zinaisha Jumanne usiku, na polisi wanapata hadi mwisho wa Jumatano. Aliyekamatwa Alhamisi jioni, saa zake zinaisha Ijumaa jioni mahakama imefungwa. Anaweza kukaa hadi Jumatatu. Sikukuu ikiangukia Jumatatu hiyo, ni Jumanne. Ndiyo maana saa moja ya kughushi kwenye OB yaweza kumlaza mtu seli usiku tatu zaidi, na ndiyo maana tunasisitiza saa kuliko kitu kingine.

Mahakamani polisi wanaweza kuomba muda zaidi wa upelelezi kabla ya kukushtaki, chini ya kifungu cha 36A cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Ni hakimu anayeamua, nawe una haki ya kupinga. Mwambie hakimu saa uliyokamatwa, ulivyotendewa, na majeraha yako kama unayo. Akiyarekodi siku hiyo ya kwanza huwa na uzito ambao hayatakuwa nao mwezi ujao. Na kama kosa adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza kukuweka rumande.

Dhamana ya polisi haiuzwi

Huhitaji kungoja mahakama. Mkuu wa kituo anaweza kukuachilia kwa dhamana ya polisi, yaani ahadi uliyoitia sahihi kwamba utafika siku uliyopangiwa, ukiwa na mdhamini au bila mdhamini. Kwa aliyekamatwa karibu na wikendi, hili ndilo ombi la kwanza kufanya. Hakuna ada ya fomu, ya karatasi wala ya mafuta ya gari. Ukitakiwa kuweka dhamana ya fedha taslimu, dai risiti rasmi yenye jina lako na kiasi kamili, uitunze, kwa sababu fedha hizo ni zako na hurudishwa kesi ikiisha kama ulihudhuria. Fedha isiyo na risiti ni rushwa, na sheria humtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji.

Mauaji, uhaini na wizi wa mabavu polisi hawawezi kuyatolea dhamana. Hayo hungoja mahakama. Kwa makosa mengine, ukikataliwa, uliza sababu na uombe iandikwe.

Msako nyumbani na simu yako

Kibali cha msako hutolewa na mahakama na hutekelezwa mchana, isipokuwa kibali chenyewe kiruhusu usiku. Kisome: nyumba ni hii? Wanatafuta nini? Polisi wanaweza kuingia bila kibali pale kuchelewa kungeharibu upelelezi, lakini sheria inamtaka afisa aandike sababu zake kwanza na aonyeshe kitambulisho ukimwomba. Usizuie mlango. Sema wazi, "Sikubali msako huu, ila sitawazuia," mwite jirani ashuhudie, na ufuatane nao chumba hadi chumba. Orodha ya vilivyochukuliwa isome kabla ya sahihi. Kitu usichokitambua, andika pembeni mwake kwamba si chako.

Simu ni hivyo hivyo. Waweza kuchukuliwa simu kama kielelezo, lakini kuichunguza kunahitaji amri ya mahakama. Namba ya siri usiitoe kwa sababu tu umeulizwa.

Ndugu walio nje

Anzeni na kituo kilichotajwa, ombeni namba ya OB, kisha nendeni vituo vya jirani. Andikeni jina la afisa aliyewajibu na saa. Msipomwona mtu wenu na saa zimepita, wakili apeleke ombi la habeas corpus Mahakama Kuu, ambayo huwaamuru polisi wamlete mtu huyo mbele yake. Haki hii haiwezi kuwekewa mipaka na sheria yoyote. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, na hakuna ada ya kufungua shauri hilo.

Aliyepigwa aende hospitali siku hiyo hiyo, apige picha majeraha kabla hayajafifia, na achukue kituoni fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. Kituo cha pili kinafaa kama waliompiga ni wa kile cha kwanza. Malalamiko dhidi ya afisa hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, bila malipo, kwa simu 1559 au ofisini kwao. Watakayouliza ni yale yale: tarehe, saa, kituo, namba ya OB, jina au namba ya kazi ya afisa, namba ya usajili ya gari, mashahidi na karatasi za hospitali. Ukikosa baadhi yake, peleka malalamiko na ulichonacho.