Ofisi ya Lamu ina hewa nzito? Fungueni njia ya upepo kabla hamjanunua AC nyengine

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye maofisi ya hapa Amu, hebu tuongee kuhusu hewa. Sio joto, hewa. Ni vitu viwili na watu wengi wanavichanganya, mtu akiingia ofisini akapigwa na kibaridi anasema hapa hewa safi, kumbe ile AC ya ukutani iliyojaa kila mahali haileti hewa yoyote kutoka nje. Inavuta hewa ile ile iliyomo chumbani, inaipoza, inairudisha. Kwa hivyo mkiwa watu sita mmejifungia toka saa mbili asubuhi mnavuta pumzi za wenzenu mpaka saa kumi, na mmoja akiwa na mafua, au kifua kikuu ambacho mwenyewe hajajijua, vile vijidudu vinaweza kuelea humo humo kwa masaa. Kichwa kizito na usingizi wa mchana navyo mara nyingi vinatokana na hewa hiyo hiyo.

Anza kwa kujua upepo wako. Kaskazi inavuma takriban Desemba mpaka Machi kutoka kaskazini mashariki, kisha kusi inashika kuanzia Aprili mpaka kama Septemba ikitokea kusini mashariki. Ofisi za ukingoni mwa bahari zinazoangalia Manda zina bahati, misimu yote miwili upepo unakuja upande wa maji, basi madirisha ya huko ndio ya kuingizia. Lakini hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea! Mkifungua dirisha moja tu, hata liwe kubwa vipi, upepo unacheza hapo hapo karibu na dirisha na waliokaa nyuma hawapati kitu. Lazima mfungue na upande wa pili, dirisha au mlango wa varanda au hata vile vidirisha vya juu ya mlango ambavyo watu wamevipigia mbao miaka mingi.

Kujua kama hewa inapita, washa kijiti kimoja cha udi usimame nacho kwenye dirisha, halafu mlangoni, halafu kwenye ile pembe ya yule mfanyakazi anayelalamika kila siku. Moshi ukilala upande mmoja na kwenda, kuna mkondo. Ukipanda wima tu na kutanda juu hapo pamekufa, hamisha meza au tafuta njia ya kuivuta hewa ifike.

Sasa hapa ndio naumia. Maofisi mengi ya mjini kati yamo ndani ya nyumba za zamani za mawe, na nyumba hizo zilijengwa na watu walioelewa upepo. Kuta nene, vichochoro vyembamba, madirisha ya nje machache, na katikati kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na msana, vile vyumba virefu vyembamba, zikifungukia hapo, hewa ya moto inapanda inatoka kwa juu na ya baridi inavutwa nyuma yake. Leo mtu anapanga ofisi humo anaezeka kiwanda na mabati au zile shiti za plastiki za kupitisha mwanga, anaziba mpaka ukingoni mvua isiingie, kisha anashangaa chumba kinamchemsha! Kama lazima uezeke, inua paa lisimame juu ya ukuta futi mbili tatu, pande zote zikae wazi, na lichomoze nje kidogo ili mvua ya kusi isipige ndani. Na kuta za chokaa usizipake rangi ya mafuta wala kuzipiga lipu ya simiti, unyevu unakwama ndani, ukungu unaota, mafaili yananuka na wenye pumu wanateseka. Kabla hujatoboa ukuta wowote kumbuka Mji wa Kale ni urithi wa dunia wa UNESCO toka 2001, kaulize kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa.

Ofisi ikiwa na upande mmoja tu wa dirisha, tumia feni. Feni ya dari inazungusha tu hewa iliyomo, haibadilishi. Ile ya kusimama iweke hatua moja au mbili nyuma ya dirisha ikitazama nje, isukume hewa chafu itoke na nyengine iingie kwa mlangoni. Ila isishindane na upepo, kama dirisha hilo ndilo linapigwa na upepo igeuze ivute ndani.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilitaja lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Watu sita ni lita 60 kwa sekunde, yaani mita 216 za ujazo kwa saa, na chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya mita 3 kina mita 60 tu, kwa hivyo hewa yote ibadilike zaidi ya mara tatu kila saa. Huwezi kuona kwa macho, ndio nasema ofisi ichange inunue kipima hewa ukaa (CO2), ile tunayoitoa tukipumua, ikijaa ndani ujue hewa haibadiliki. Nje kinasoma karibu 420 (sehemu kwa milioni, ppm), ndani kikikaa chini ya 800 mko sawa, kikipita 1000 fungueni. Angalia kiwe cha infraredi, vile rahisi vinakisia tu, ukipulizia marashi karibu yake namba inaruka.

Hamuwezi kuiacha AC kabisa najua, Februari ni Februari. Basi iwekeni 25 au 26 na feni ya dari juu yake, acheni dirisha wazi kidogo, na saa ya swala na chakula fungueni kila kitu dakika kumi. Filta zioshwe kila mwezi, na nyavu za mbu madirishani pia, chumvi na vumbi vinaziba yale matundu mpaka upepo haupiti.

Mwisho jenereta, na hapa sitaki mzaha. Stima ikipotea usithubutu kuiwasha kiwandani wala kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, kwa kuogopa wezi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka dirisha lolote, upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na nyumba, na ya jirani pia muangalie. Mtu akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu wakati jenereta inaunguruma, wote mtoke nje kwanza, kisha mpelekeni hospitali.